Nyumba ya Kumi

Benchi la Mzee Mwishehe lilikuwa Temeke, kwenye kona ambapo barabara ya vumbi inaingia mtaani, na mwaka ule wa sabini na tano ukitaka kujua jambo lolote, liwe la Bunge, la mpira au la ndoa ya jirani, ulikwenda pale ukaambiwa, na mara nyingi ukadanganywa. Mzee Mwishehe alimimina kahawa kutoka kwenye dele lake jeusi na watu wakainywa chungu, bila kashata, maana kashata ziliadimika tangu sukari ianze kupatikana kwa bahati. Wasiokosa pale walikuwa wawili. Sadallah, kuli wa bandarini, aliitwa Redio, kwa sababu alisema hata kama hakuna aliyemwasha. Marselino, mchonga vinyago kutoka Newala, walimwita Patasi, na ulimi wake ulistahili jina hilo. Jumapili moja alasiri alikuwepo pia Fransis, mtoto wa mtaa huohuo, ambaye tangu aingie Chuo Kikuu waliacha jina alilobatizwa wakamwita Mlimani. Alikuwa hakaliki. Anaketi, anasimama, anachungulia kama basi linakuja, anaketi tena.

— Tulia, Mlimani, unatikisa benchi, alisema Redio. Unakwenda kuoa?

— Kesho asubuhi nakabidhi kazi ya takwimu.

— Si umeshaimaliza?

— Nimeimaliza. Ndiyo inayonitisha.

Alisema kweli. Katika jaribio la kwanza la takwimu alianguka vibaya, la pili likafuata mkia, na mwalimu akamwambia waziwazi kwamba kazi hii ndiyo ya mwisho. Akiivuruga, masomo ya biashara na uchumi ayasahau, arudi alikotoka. Na alikotoka ni hapa. Alikuwa karani wa ghala miaka miwili, tawi la Chama likampendekeza, wajumbe wa mtaa wakatia saini, akachinjiwa mbuzi. Mtu aliyechinjiwa mbuzi harudi kimyakimya na begi lake. Fransis aliogopa, na hofu yenyewe ilimkaa miguuni.

— Kazi ya nini hasa? aliuliza Patasi.

— Sukari ya mtaa huu. Kila nyumba inapata kiasi gani kwa mwezi. Huwezi kuuliza nyumba zote, unachagua chache ziwakilishe nyingine. Nimeuliza ishirini.

— Zikasemaje?

— Zote zinayo. Wastani kilo nne.

Mzee Mwishehe aliacha kumimina.

— Mtaa huu?

— Mtaa huu, mzee.

— Huu nnaokaa mie?

— Ndiyo maana situlii. Mwalimu anatufundisha tusitazame wastani peke yake. Tutazame na mtawanyiko, watu walivyoachana. Mwenye nyingi yuko wapi, asiye nayo yuko wapi. Sasa mie kwangu hawajaachana. Wote kilo nne, nne na kidogo, wamefanana kama sare za shule.

— Hilo jepesi, alisema Redio. Wanawake. Wanaficha. Mke wangu ananipa chai ya chumvi mwezi wa pili huu, kumbe mzigo uko ndani. Wahenga walisema akiba haiozi, ndiyo maana hawaitoi.

— Mkeo anakunyima wewe, usiingize wake za watu, alisema Patasi. Walimwogopa huyu. Kijana kavaa viatu, kashika karatasi, anauliza sukari. Nani aseme hana, aonekane anaulalamikia Ujamaa? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu kapita siku moja tu, ukweli apewe na nani?

— Mgeni gani, kazaliwa hapa?

— Akishakwenda Mlimani ni mgeni.

Neno hilo lilimchoma Fransis, akajifanya anachungulia basi.

— Nyie hamsikilizi habari, alisema Redio. Hao ni mabeberu. Sukari ipo tele, ila wameitoa utamu hukohuko njiani. Unatia vijiko vitano, chai haikolei, unadhani huna. Mlimani kaiona kwa macho. Sie tunaitafuta kwa ulimi, ndiyo tofauti.

— Utamu wanautoaje? aliuliza Patasi.

— Wana mashine. Mtu aliyefika mwezini atashindwa na sukari?

Mzee Mwishehe alikohoa. Alikuwa mtu wa maneno machache, ila Jumapili zilimlegeza.

— Mie naona sisimizi. Huku nyuma kwangu sisimizi hayupo tena, nimetafuta hata chini ya mtungi. Wamehama na sukari yote. Wanaipeleka nyumba hii, wanaitoa, wanaipeleka ile. Mlimani alipopita ilikuwa zamu ya upande ule.

— Kwa hiyo mzee, nilikuwa nawafuata sisimizi?

— Sikusema wewe una kosa.

Patasi alikuwa amechukia. Hakupenda benchi liende mbali kuliko alikotaka kulipeleka mwenyewe.

— Mnacheza nyie. Ngoja niwaambie watu wanavyodanganywa. Sie Newala tulikuwa tunauza korosho. Mkaguzi anakuja na bambo, kile chuma cha kuchomea gunia, anachota korosho chache anazitazama. Basi mkono wa bwana yule ulikuwa na njia moja tu. Kila gunia anachoma ubavuni, chini ya mshono. Tukamjua. Pale ubavuni tukaweka nzuri, kwingine kote mbovu. Tulisifiwa msimu mzima. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Hapo methali imekuruka, alisema Redio.

Fransis hakucheka. Alikuwa amesimama.

— Kila gunia palepale?

— Palepale. Mkono ukizoea umezoea.

Aliketi, na safari hii hakuinuka tena.

— Mie nilianzia kwa mjumbe wetu, Mzee Benedikto, alisema polepole. Huwezi kuingia majumbani mwa watu hujapita kwa mjumbe. Nikamuuliza yeye wa kwanza. Halafu nikahesabu nyumba kumi, nikapiga hodi. Nikahesabu kumi nyingine, nikapiga hodi. Ndivyo tulivyofundishwa, ukiruka kwa hesabu moja huwezi kumpendelea mtu.

— Ya pili uliangukia kwa nani? aliuliza Patasi.

— Kwa mama Adelina.

— Mjumbe, alisema Mzee Mwishehe.

— Ya tatu kwa Jamali, fundi cherehani.

— Mjumbe.

— Ya nne...

— Acha, usitaje.

Hakukuwa na haja. Chama kilipougawa mtaa ule nyumba kumi kumi, walihesabu kuanzia barabarani, na nyumba ya kwanza ya kila kumi ndiyo ikawa ya mjumbe, ili mwenye shida asipotee. Fransis alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Na sukari ikija kwenye duka la ushirika, hufikia kwanza kwa wajumbe, wao ndio wagawe. Alikuwa ameuliza wajumbe ishirini, mmoja baada ya mwingine, na wote walimkaribisha chai, na chai ilikuwa tamu, na wala hakujiuliza.

— Sasa kosa liko wapi? alisema Redio. Si ulitaka nyumba za kuwakilisha nyingine? Nani anawakilisha kuliko mjumbe? Peleka hivyohivyo. Mwalimu wako anakaa Temeke?

— Hakai.

— Basi. Usiyemjua hakujui.

— Mwenyekiti wa tawi ameomba nakala, alisema Fransis. Anataka aisome wilayani, waone mtaa wetu umejitosheleza.

— Wakiona tumejitosheleza watatuletea nyingine, watupongeze.

— Watapunguza hata hiyo, alisema Patasi. Naye akageuka akamtazama Fransis usoni. Na wewe, Mlimani, ukiandika kweli, utaandikaje? Kwamba waliokutilia saini ndio wenye sukari?

Fransis aliona haya, na ndani ya haya mlikuwa na hasira ambayo hakujua aielekeze kwa nani. Kurudia kazi yote kunahitaji siku, na siku hana. Kwa mbali vumbi lilikuwa linainuka, basi la mjini linakuja, akifika mjini aunganishe la Mlimani. Alikunja karatasi zake. Moyo ulimwambia apeleke tu, apate alama, abaki chuoni, na haya ya sukari atayasema vizuri zaidi akishahitimu. Yalikuwa mawazo ya busara na aliyachukia.

Ndipo Chausiku akafika. Wanawake hawakuketi kwenye benchi lile, naye alisimama pembeni, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani. Kazi yake ilikuwa vitumbua, akipika mlangoni kwake, mpaka uhaba wa sukari ulipomzimia jiko.

— Shikamoo, Mzee Mwishehe.

— Marahaba, mwanangu. Kahawa?

— Sikai, mzee. Nina neno na kaka Fransis.

— Karibu, dada, alisema Fransis.

— Alhamisi nilikuona unakuja na karatasi zako. Nikafagia mlango, nikatoa kigoda, nikawaambia watoto wanyamaze, kaka yenu anakuja kutuuliza hali. Ukapita, midomo inakucheza. Nikasema labda kesho. Ijumaa nikakitoa tena kigoda. Kwangu hukupaona?

— Nilipaona.

— Sasa?

Fransis alitafuta namna ya kulisema. Kwa Kiingereza cha darasani lilikuwa na jina refu lenye heshima zake. Pale barabarani lilibaki na maneno machache tu.

— Nilikuwa nahesabu, dada. Hukuwa wa kumi.

Chausiku alifikiri. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kujua kigoda akitoe siku gani.

— Kwani mie wa ngapi?

Basi lilifika, kondakta akagonga bati, akangoja kidogo, likaondoka. Fransis alikuwa bado anahesabu kichwani milango kutoka kwa Mzee Benedikto kwenda kwa Chausiku, mtaa aliozaliwa, na kila akipita mlango wa pili hakumbuki nyumba ya nani inafuata.