Pango la Mzee Geng

Benchi letu liko mbele ya geti la kambi ya wachimbaji wa mafuta, hapa Luntai, magharibi mwa China, ubavuni mwa kibanda cha chai. Jangwa linatupulizia vumbi tangu asubuhi na hakuna anayejali, maana kesho kisima chetu kinazibwa kwa saruji. Mzee Geng, bosi wetu, ndiye aliyewaapia wakubwa kwamba chini kuna pango lenye mafuta. Hatukulikuta; sasa timu inavunjwa na yeye anapelekwa kulinda stoo. Ubishi aliuanzisha Domo, aliyehamia kwetu majuzi kutoka visima vya mwamba wa mchanga.

— Pango kilomita sita chini? Nani alilichimba, fuko?

— Mvua, — alisema Mzee Geng. — Zamani chokaa hii tunayoichimba ilikuwa juu, inanyeshewa. Maji yakaila, yakatoboa mapango. Baadaye ikafunikwa.

— Mvua ya kula jiwe! Huku hata ya kulowesha kofia hatuioni.

— Ule ukoko mweupe ndani ya birika unatoka wapi? Ni chokaa iliyoliwa na maji, Domo. Unainywa kila siku.

Domo akachungulia kikombe chake.

— Mie nasema pango lilikuwepo, — akadakia Pang Tumbo, mpishi wetu, — ila limehama. Si kulikuwa na tetemeko?

— Limehama limebeba nini, godoro? — niliuliza.

— Basi humo kalala joka, — akasema Domo. — Keekee yetu ya kutobolea mwamba ikipita, linajikunja.

— Chekeni tu, — alisema Mzee Geng. — Keekee ikifika pangoni, matope ya kuchimbia tunayosukuma kisimani humwagikia humo, hupotea ghafla, nasi tunashangilia. Safari hii sikuletewa habari hata ya ndoo moja. Nimewatia aibu.

Nilimwonea huruma, nikammiminia chai. Hapo akasogea Hanipa na kapu lake. Huyu huuza jozi, zile kokwa ngumu za miti ya huku.

— Kaka Domo, yale magunia ya maganda uliyochukua siku ya zamu yako yalifanya kazi gani? Niwaletee mengine?

— Mie sijapika maganda, — alisema Pang Tumbo.

Mzee Geng akageuka taratibu.

— Matope yalipotea, Domo?

— Kidogo tu, mzee. Kwetu kwenye visima vya mchanga yakipotea unaziba upesi, ndiyo kazi nzuri. Nikayasukumia maganda ya jozi mpaka yakaacha kupotea. Sikutaka kukusumbua.

Mzee Geng hakumtukana. Aliacha chai yake na kukimbia getini, akichechemea kwa goti lake bovu, akipaza sauti saruji isimwagwe.

— Sasa mnayataka au hamyataki? — aliuliza Hanipa.