Mzee Hezekiah Kipkurui: Ulimi wa Kiwanda na Jicho Lililofunzwa Adabu

Tarehe 31 Oktoba mwaka huu, Mzee Hezekiah Kipkurui, Mwonjaji Mkuu wa Kiwanda cha Chai cha Kaplelmet, anastaafu baada ya kututumikia kwa miaka thelathini na minne. Mimi Jackton Opiyo, ninayempikia chai ya kuonja, nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu, kama walivyosema ofisini, mimi ndiye mwenye mdomo. Sawa. Wameyataka wenyewe.

Mzee Hezekiah ni mzaliwa wa upande wa Kaplong, mtoto wa wakulima wa chai na ng'ombe wa maziwa. Alianza hapa mwaka wa 1991 akishusha magunia ya majani mabichi kutoka kwenye lori. Akapelekwa kwenye vitanda vya kunyaushia majani, akapelekwa kwenye mashine ya kukaushia, halafu siku moja mwonjaji wa wakati huo akamwita aonje, akamuuliza maswali mawili matatu, na hakumrudisha tena.

Kwa wasioijua kazi hiyo, ni hivi. Kila asubuhi vikombe hupangwa mezani kwa safu. Mwonjaji huchota kwa kijiko, huvuta chai kwa kishindo ambacho kimewahi kumfanya mgeni mmoja aruke kutoka kitini, huizungusha mdomoni, huitema kwenye ndoo na kutoa hukumu. Hii imeungua. Hii imechacha kupita kiasi. Hii ipelekeni mnadani Mombasa na vichwa juu. Mzee hutoa hukumu hizo kwa sauti ya chini, na hata wanaokaripiwa hutoka wakimshukuru.

Basi miaka kadhaa iliyopita aliamka upande wa kushoto wa uso wake umelegea, chai inamtoka pembeni mwa mdomo. Tuliogopa sana, jamani. Madaktari walisema ni mshipa wa fahamu wa uso uliovimba, na kweli baada ya miezi uso ukarudi mahali pake. Tukafanya maombi ya shukrani. Kumbe tulishukuru mapema. Jicho la kushoto lilianza kulia kila alipotia kitu mdomoni. Akila ugali, linalia. Akitafuna mahindi ya kuchoma, linalia. Na kazi yake ni kuonja chai kutwa nzima!

Tulicheka, nisidanganye. Wajumbe wa wakulima walipotembelea chumba cha kuonja, walimkuta akilowa shavu juu ya kikombe cha chai kutoka kituo chao cha kukusanyia majani. Hawakuuliza kitu. Walirudi nyumbani wakatangaza kwamba majani yao ni mabaya kiasi cha kumliza mzee mzima. Wiki iliyofuata kituo hicho kilileta majani mawili na kichipukizi, kama uchumaji mzuri unavyotaka, safi, hakuna kijiti hata kimoja. Meneja alitaka Mzee alie juu ya chai ya vituo vyote.

Kisha ikaja siku ya posa ya binti yake, Chemutai. Wageni walitoka Siongiroi, watu wa mifugo, wenye heshima zao. Mazungumzo yalikwenda vizuri hadi chakula kilipoletwa. Mzee akamega tonge la kwanza, chozi hilo, tiriri. Wageni wakaacha kula. Mwanaume wa Kipsigis analia mbele ya wakwe? Walitoka nje, wakashauriana nyuma ya ghala, wakarudi na kuongeza ng'ombe mtamba mmoja kwenye mahari, kwa ajili ya baba anayeumia namna hiyo kuachana na mtoto wake. Mzee aliapa kwamba ni ugali tu. Hawakumwamini, na mtamba hawakukubali arudishwe.

Lakini kicheko kina mwisho. Matone yalianza kuangukia vikombeni. Wakaguzi wa usafi waliandika kasoro hiyo, na wana haki. Meneja, ambaye anampenda Mzee kama sisi sote, alimwita akamwambia kwa uchungu kwamba wanunuzi wakubwa wanakuja baada ya miezi miwili, na jicho likilia mbele yao, itabidi ahamie stoo kuhesabu magunia. Mzee alirudi chumba cha kuonja, akakaa, akaniambia kwamba mtu aliyeonja chai maisha yake yote ukimpeleka stoo umemzika akiwa hai. Alikuwa ameshajaribu matone ya macho ya kila duka la dawa la Bomet, na majani ya kuchemsha ya kila shangazi.

Aliyetuokoa ni Daktari Christabel Ogada wa kliniki moja ya macho huko Kericho. Alimpa Mzee peremende, akakaa akilitazama jicho. Alipoona chozi likishuka, alieleza jambo ambalo mimi nimelielewa hivi: mshipa ulipokuwa unapona, nyuzi zilizopaswa kwenda kwenye tezi za mate zilipotea njia zikaishia kwenye tezi ya machozi. Ni kama fundi wa stima aliyekosea nyaya. Unawasha taa ya jikoni, inawaka ya sebuleni. Dawa yake, alisema, ni sindano ya botulinum, kiasi kidogo sana, ndani ya tezi yenyewe, ili isipokee tena ujumbe usio wake. Nguvu yake huisha baada ya miezi kadhaa, ndipo mtu hurudia.

Mkewe, Mama Edinah, aliposikia kwamba botulinum ni sumu, alisimama. Sumu, alisema, ni ya kupe na panya, haiingii kwenye jicho la baba wa watoto wake. Daktari hakumkatiza. Alimweleza kipimo, akamweleza na hatari: kope linaweza kulegea kwa wiki chache, jicho linaweza kukauka mno. Mama Edinah aliuliza mpaka maswali yakaisha, akamshika mumewe mkono, akasema basi achomwe, lakini yeye atakuwepo. Na alikuwepo.

Sindano yenyewe ilikuwa ya muda mfupi. Kope likalegea kidogo kweli, na kwa wiki mbili tatu Mzee alituangalia kama mtu anayesinzia kanisani. Nilimtania nikatosheka. Yeye alikuwa akila mahindi na kungoja.

Wanunuzi walipofika, kope lilikuwa limeinuka, na kiwanda kizima kilikuwa dirishani. Nilimimina chai. Kikombe cha kwanza, akavuta, akatema. Jicho kavu! Cha pili, kavu. Akaenda na safu yote, pole pole, na alipotema cha mwisho akapitisha kidole chini ya jicho la kushoto na kutuonyesha. Hakukuwa na kitu. Ee bwana, kelele! Mtu wa boila alipiga king'ora, akina mama wa kuchambua chai wakapiga vigelegele, na wanunuzi wakabaki kushangaa ni watu gani hawa wanaomshangilia mzee kwa kunywa chai. Meneja alimkumbatia mbele yao. Habari ya stoo haikutajwa tena, na chai yetu ilinunuliwa yote.

Tangu siku hiyo Mzee hurudia sindano kila nguvu yake inapoisha, na amewapeleka kliniki watu wengi wanaolia bila msiba. Huwaonya kwamba si kila jicho la machozi ni la sindano hiyo, kwani mwingine ana mrija ulioziba na mwingine ana vumbi tu. Mpimwe kwanza, husema, na msifiche.

Ijumaa iliyopita alionja safu yake ya mwisho. Alitema, akakisuuza kijiko, akakipangusa kwa aproni na kukiweka mezani mbele yangu. Kisha akasimama tu. Jicho la kushoto lilikuwa kavu kabisa, limetulia, kama alivyoahidi daktari. Chozi lilitoka kwenye jicho la pili, lile zima, ambalo kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuliona likilia. Hakulifuta, na hakuna aliyecheka. Na mimi mwenye mdomo nilikichukua kile kijiko, nikakishika kwa mikono miwili.

Mzee wetu, asante kwa ulimi wako, kwa subira yako na kwa kutufundisha kazi bila matusi. Kaplong ikupokee vizuri, wewe na Mama Edinah. Ng'ombe wakamwe, wajukuu wajae, na kila unachokila kiwe kitamu. Nenda salama, Mzee. Tumeliona chozi lako, na safari hii tunajua lilikuwa letu.