Kopo Nililorudisha Tupu

Assalamu alaykum, mama zangu. Nimeomba nafasi katika darasa letu la dini kwa sababu nilisema uongo mmoja, na aliyekaribia kuulipia kwa uhai wake ni mama yangu mzazi. Habari yenyewe inachefua. Mwenye mimba changa akitaka kutoka nje, sitakwazika.

Nasomea shahada ya pili ya sayansi ya udongo. Kazi yangu ni kukusanya samadi na kuipima, na sijawahi kutapika kwa ajili yake. Mama, mwenye ugonjwa wa sukari, alikuwa amedhoofika. Nikanunua mayai sokoni Kamembe. Moja lilikuwa na ufa, na kinyesi cha kuku kimekauka ubavuni. Nikalifuta, nikalipasua ndani ya maziwa vuguvugu.

"Hii inanuka kuku," Mama akalalamika.

"Kunywa tu, Maman, itakupa nguvu."

Akanywa, kwa sababu mimi ndiye msomi wa nyumba.

Kesho yake tumbo likamsokota. Akapata homa, akatapika, akahara maji ya kijani yenye kamasi, kisha nyuzi za damu. Harufu iliingia kwenye mapazia na kwenye nywele zangu. Nilimsafisha nikiwa nimegeuzia uso ukutani. Ndugu zangu, kwa dakika kadhaa nilimchukia mama yangu, kisha nikajichukia, kisha nikaanza kuchambua ni chuki ipi iliyotangulia, na ndoo bado iko mkononi.

Katika kituo cha afya, muuguzi aliyekulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, alinipa kopo. "Leta choo kidogo tu, kesho asubuhi. Na usimupe dawa yoyote mbele ya kupima; tupime kwanza."

Asubuhi kinyesi kilikuwepo. Nilifungua kopo, nikalifunga tena. Nikawaza: nitabebaje najisi katika mkoba ninaotilia msahafu? Likivuja kwenye pikipiki, nitamwambia nini dereva? Nikamwaga chote, nikarudi na kopo tupu.

"Hajapata choo tangu jana," nikasema. "Kuhara kumekatika."

"Basi ni vizuri, anapona," muuguzi akajibu. Akanipa chumvi za kuongeza maji mwilini, nikaondoka.

Baada ya siku mbili ulimi wa Mama ulikauka, macho yakazama, mkojo ukawa haba. Hakuweza kusimama. Jirani yetu aliingia, akaziba pua, akauliza, "Kopo ya labo, ile ya kupima choo, iko wapi?"

"Inanishinda," nikanong'ona.

Mama alisema bila kufungua macho, "Yai ya kunuka ulininywesha bila haya. Mavi ndiyo inakuletea haya?"

Jirani alicheka hadi akashika mlango, kisha akaja kunishikia ndoo. Mimi sikucheka. Nilichota, nikatapika kando, nikafunga kopo, nikanawa kwa sabuni mara tatu. Tukamkimbiza Mama hospitali pamoja na kopo, na pale nikamwambia daktari yote mawili: yai bichi nililompa, na choo nilichokimwaga.

Muuguzi wa daktari huyo akanitazama. "Kumbe muntu wa iniverisite anadanganya juu ya mavi?" Kisha, kwa upole, "Sasa tunajua kenye tunatafuta," yaani kile wanachokitafuta.

Walimtundikia serumu, maji ya mshipani, wakachukua na damu ya kupima. Daktari alieleza kwamba mtu mwenye afya kwa kawaida hupona kwa maji na chumvi tu. Lakini kwa umri wake na sukari yake, Mama alihitaji antibiotiki mara moja. Baada ya siku chache maabara ikaotesha vijidudu: salmonela. Niliuliza kama ni lile yai. Akasema hawezi kuapa, kwa kuwa yai halipo tena la kupimwa. Jibu hilo linanisumbua hadi leo.

Namshukuru Mwenyezi Mungu, namshukuru jirani aliyeshika ndoo bila kugeuza uso, na wale waliopokea kopo langu kwa mikono miwili. Mama amepona. Ameniamuru nilitamke neno lile, mavi, mbele yenu, nami nimelitamka.

Mayai yapikeni hadi kiini kigande, hasa ya wazee na watoto. Mkiulizwa hospitalini, semeni rangi ya choo, damu, kamasi, na mara ngapi. Kinyaa changu hakijaisha. Hata sasa mate yananijaa mdomoni. Lakini najisi ile iliondoka kwa maji na sabuni. Maneno yale, "kuhara kumekatika", bado nayasikia kwa sauti yangu mwenyewe, safi kabisa.