Wivu Wangu kwa Mwalimu Twalib

Mheshimiwa Diwani, Mkuu wetu wa shule Madam Hilda, sheikh na padri mliokaa meza moja, ndugu wazazi mliotoka Bunda mjini hadi Kiabakari, walimu wenzangu, wanafunzi, na wewe Mwalimu Twalib unayestaafu leo, habari za mchana.

Mimi Makongoro, wa Hesabu, nimeombwa nimsifu kwa sababu tumekaa naye ofisi moja miaka yote. Sawa, nitamsifu, lakini wivu wangu sikuuacha nyumbani.

Huyu bwana akikasirika, alikuwaga anafunika peni nyekundu. Anasema dini yake inamkataza hakimu kuhukumu akiwa na hasira, na kusahihisha mtihani nako ni kuhukumu. Basi sisi tumeshamaliza kusahihisha, yeye anakunywa maji, anangoja moyo utulie. Nani hapa hakuwahi kumcheka? Na matokeo yakitoka, mimi nayasoma mstarini, kila mtu asikie. Yeye anaita mmoja mmoja, kwa sababu, anasema, aibu ya mtu inasitiriwa. Ila maksi kwake ni amana, haongezi hata nusu.

Binti yangu Boke, kidato cha tatu, alipata kumi na tisa kwenye Fizikia ya huyu bwana. Nikangoja aje kwangu analia. Alitoka kwa Twalib anacheka, akaupita mlango wangu, akaenda kuwaonyesha wenzake alipokosea. Kwangu alipata sitini, nikazisoma, nikamuuliza mbele ya shule nzima arobaini zimekwenda wapi. Tangu siku hiyo ananiamkia tu, basi. Jamani, mnadhani hainiumi? Sitini yangu imeshindwa na kumi na tisa yako, Twalib. Inaniuma sana, na nimechoka kujifanya haiumi.

Madam Hilda amenikabidhi ofisi ya taaluma uliyokuwa unaishika. Matokeo ya muhula yanatoka Jumatatu, nami nitawaita wanafunzi mmoja mmoja, nikianza na Boke. Sijui kama atakubali kukaa.

Wewe unahamia Nyasura, pale Bunda, safari ya basi moja tu, na najua Boke atakuja kukugongea. Nakuomba mbele ya watu hawa, mwalimu mwenzangu, mwezi mmoja tu, usimfungulie. Mwambie baba yake yupo, anamsubiri.

Nawashukuru wote kwa kunivumilia.