Mkojo Unaofukuza Dhahabu

Tangu basi liondoke Segese, mama mmoja alikuwa akimfokea mchimbaji aliyeketi naye. Anisia, kiti cha nyuma yao, alisikia kila neno. Yule bwana alisimulia, akicheka, jinsi walivyomfukuza mwaloni, wanakosaga na kuosha mawe ya dhahabu, mwanamke aliyejikojolea akinyanyua kiroba cha mawe. "Mkojo wa mwanamke unafukuza dhahabu, mama." Mwenyewe hajawahi kuzaa, lakini uhakika alikuwa nao.

"Koma! Mrija wetu wa mkojo haufiki hata kidole gumba hiki. Misuli inayoushikilia ikilegea kwa uzazi, ukikohoa tu, ukinyanyua mzigo tu, unavuja. Mimi yalinikuta, nesi akanifundisha mazoezi, nikapata nafuu. Nyie mnamtwika kiroba, kisha mnamwita mkosi?"

"Mbona wengine wamezaa na hawavuji?"

"Umewauliza?"

Bwana akageuka kutafuta shahidi. "Eti dada, bila shaka nawe umezaa. Unavuja?"

Anisia akatikisa kichwa upesi.

"Umeona!"

Basi likasimama Kalangalala. Wawili wale wakashuka wakiendelea kufokeana. Anisia akangoja abiria wote waishe, ndipo akainuka, akaikunja haraka kanga aliyoikalia, upande uliolowa ukiwa ndani.