Mama Uzi, Jina la Thelathini na Moja

Dada yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Uzi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yetu, fundi seremala. Tulizaliwa wawili tu, yeye na mimi mdogo wake ninayesoma wasifu huu.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1975. Mwaka huohuo alisoma mafundisho ya kipaimara yote, lakini siku ya askofu alikuwa kitandani na surua. Askofu hakurudi hadi baada ya miaka minne, na dada aliona haya kupiga magoti pamoja na watoto. Haya ile ilizeeka naye. Wenzake walipokwenda mezani pa Bwana, yeye alibaki benchi la nyuma. Akiulizwa, alisema, "Nalinda mikoba yenu."

Alishona sare za shule kwa miaka thelathini na minne katika duka moja. Ndipo alipokutana na shemeji yetu, fundi bomba, aliyetengeneza bomba la duka mara nne ingawa lilivuja mara moja. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984.

Kila askofu alipokuja, dada ndiye aliyepanga mambo. Alikagua vyeti vya ubatizo, akapindia magauni, akawafundisha watoto kwenda mbele wawili wawili. Siku ya mazoezi aliketi kwenye kiti cha askofu na kifuniko cha birika kichwani. "Chekeni leo mmalize," aliwaambia. "Jumapili nataka mtulie kama maji ya mtungini."

Januari mwaka huu mchungaji alisoma orodha ya watoto wa kipaimara. "Mama Uzi, huyu wa thelathini na moja ni mjukuu wako?"

"Ni mimi, baba. Usicheke, goti bado linakunjika."

Aprili moyo wake ulianza kuchoka na miguu ikavimba. Alipanga ibada yote akiwa kitandani, hata nani atambebea askofu fimbo. Jumapili tarehe 15 Juni hakuweza kusimama. Watoto thelathini waliwekewa mikono na askofu, wakapata kipaimara. Mchana, askofu akiwa bado mezani kwa mchungaji, nyumba ya tatu kutoka hapo, dada aliniambia, "Mdogo wangu, nenda umwombe apite hapa."

Nilitazama chumba, dawa, beseni, shuka lisilopigwa pasi. Nikamjibu, "Dada, mgeni mkubwa hasumbuliwi. Upone kwanza. Mwakani yupo."

Aligeukia ukutani. Gari la askofu lilipita dirishani saa kumi, nasi sote tukalisikia.

Alifariki Jumatatu, saa tatu asubuhi. Mchungaji alipompigia askofu simu, askofu alisema, "Mbona hamkuniambia? Ningekuja kwa miguu."

Sikujua kwamba askofu anaweza kumwekea mgonjwa mikono kitandani. Wala sikuuliza. Mwenye mgonjwa nyumbani anisikie: akiomba jambo, nenda ukaulize.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, na mdogo wake aliyemjibu kwa haraka. Mwenyezi Mungu na amwekee mikono Yeye mwenyewe, na dada yetu apumzike kwa amani.