Mama Mwamvua wa Depo la Buti

Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, baada ya miaka ishirini na mitatu katika kinu chetu cha mpunga hapa Bwegera, Mama Mwamvua anastaafu kazi ya kutunza depo la vifaa.

Alitoka Uvira mjini, katika ukoo wa wafanyabiashara. Majina yetu hakuyajali sana. Alituita kwa namba za viatu. Mkubwa wa kinu alikuwa Thelathini na Tisa, naye aliitika.

Inafaa kueleza jambo moja kwa wale walioajiriwa juzi. Zamani, aliyetaka buti na glavu aliacha kadi ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, depo hadi jioni, ili vifaa visipotee. Vibarua waliovuka mto Ruzizi kutoka Burundi kuja huku kwetu Kongo hawakuwa na kadi hiyo, kwa hiyo walifanya kazi miguu mitupu. Mwaka 2016 mmoja wao, Nizigama, aliteleza juu ya pumba, na mkanda wa mashini ukamkata vidole viwili.

Kesho yake Mama Mwamvua alifunga depo na kuketi mlangoni. Bila buti, mwendesha mashini haruhusiwi kuwasha mashini, kwa hiyo kinu kizima kilisimama. Jean-Berchmans, mwendesha mashini wetu, alimwambia mbele ya wote: "Mama, fungua. Sisi tuko na makadi. Mambo ya Warundi inatuhusu nini?"

Mama akamjibu bila kuinuka: "Mukanda ulimuomba Nizigama kadi? Minye sikusikia."

Wakulima walisubiri na mpunga wao hadi saa tano, ndipo mkubwa akakubali: kila buti lipakwe namba, na kila mfanyakazi aandikishwe kwa jina tu. Mwaka huo jozi mbili zilipotea. Zote zilichukuliwa na wenye kadi.

Tangu siku hiyo hakuna kibarua, wa huku wala wa ng'ambo, aliyeumizwa na mkanda. Nizigama sasa anapima mpunga kwenye mizani. Depo analichukua Concilie, mzaliwa wa Burundi, aliyefundishwa na Mama mwenyewe. Na Jean-Berchmans hawashi mashini kabla hajakagua miguu yetu sote, mmoja mmoja.

Mama Mwamvua, asante kwa ukaidi wako. Nenda Uvira, ukae na wajukuu, Mungu akujalie afya na siku za utulivu. Miguu ya hapa tutaitazama sisi.